Kiota Ndani ya Chimni

Julai ya 1983 kulikuwa na baridi kali Moiben, lakini kila Warigia alipowasha moto sebuleni, moshi ulirudi ndani. Baba yake alikohoa mpaka akatokwa na machozi.

Warigia akasukuma ufito mrefu ndani ya chimni. Kiota cha ndege kikaanguka, masizi yakamjaa usoni.

"Kitupe nje," Baba akasema.

Alipokiinua, aliona nyuzi nyekundu kati ya vijiti. Zilikuwa za sweta aliyokuwa akifuma marehemu mama yake pale verandani.

"Baba, hebu tazama."

Mzee alikipeleka kiota dirishani, akavuta uzi mmoja, akauzungusha kidoleni.

"Aliniambia ndege wanamwibia uzi," akasema. "Mimi nikamcheka."

Warigia akawasha moto. Moshi ukapanda vizuri. Baba hakuusogelea, alibaki dirishani penye mwanga, akichomoa nyuzi mojamoja.