Miadi ya Jumanne

"Tovuti yako haina mbwembwe," mkurugenzi wa hospitali alilalamika. "Hata picha hazichezi!"

Mbunifu wa tovuti alimgeukia baba yake aliyeketi kando. Alimkabidhi simu mzee huyo, asiyeona kwa miaka sita sasa, aliyezoea kusomewa kila kitu.

Simu ikaanza kumsomea ukurasa wa tovuti hiyo. Kidole cha mzee, chenye kovu la msumeno, kikateleza juu ya kioo, kikasita, kikagonga mara mbili.

"Umepata miadi ya daktari, Jumanne saa nne asubuhi," simu ikasema.

Mzee akakaa wima. "Sijamwomba mtu anisaidie! Mwanangu, hii umeitengeneza wewe?"

Binti yake aliitikia kwa kichwa, kisha akakumbuka. "Ndiyo, baba. Ni mimi."

Mkurugenzi akafumba macho, akanyoosha mkono. "Mzee, hebu nami nijaribu."