Kimo cha Meza

Daktari alinieleza waziwazi: ni saratani ya tezi dume. Ama aing'oe kwa upasuaji, ama anichome mionzi, ama tusubiri huku tukiipima. Upasuaji ungeweza kuniacha nikivuja kama bomba bovu, kwa hiyo nikaamua kusubiri. Nilimwambia mdogo wangu peke yake, ambaye ni msaidizi wangu wa useremala.

Kesho yake karakanani, nilipoinamia meza yangu ya kazi nilijikuta nimepinda kama kizee. Meza ya seremala hufuata kimo cha mwenyewe, na hii niliipima kwenye nyonga yangu. Sasa ilinifika mapajani. Miguu yake ilikuwa imekatwa, na unga wa mbao bado ulikuwa sakafuni.

Mdogo wangu, ambaye hanifiki begani, alikuwa akipiga mluzi.

"Kaka, nilidhani utapumzika."

"Ulidhani nitakufa."

Nikampigia daktari palepale.

"Dokta, ing'oe. Kama ni kujikojolea, nitajikojolea hapahapa karakanani."

Kisha nikamkabidhi mdogo wangu msumeno.

"Iwekee miguu mipya, kimo changu. Ukimaliza, jichongee kigoda cha kusimamia."