Kidole Mfukoni

Chaudhari Mehar Singh aliingia Bungeni, Delhi, na kidole gumba cha mkaza mwanawe mfukoni.

Kilikuwa kwenye karatasi iliyokunjwa mara nne: barua ya kujiuzulu ubunge, haina tarehe, na chini yake alama ya wino wa zambarau. Miaka minne ililala sandukuni mwake chini ya vilemba. Mara moja moja aliitoa akaitazama, kama mtu anayekagua kamba ya ng'ombe wake ingali imara. Alama ile aliijua kwa moyo: duara ndani ya duara, zimekatwa katikati na mstari mweupe wa mshazari. Kovu. Mashine ya kukatia majani ya ng'ombe huwaonja wanawake, naye hakuwahi kuuliza iliwaonja lini.

Leo alikuwa amejaza tarehe.

Mwanawe Jaideep alipozuiwa na mahakama kugombea, mzee alisema kiti hakitoki nyumbani kwake. Akamsimamisha Omvati, mke wa Jaideep, asiyejua hata kuandika jina lake. Picha za kampeni zilikuwa na uso wa mzee. Uso wa mgombea ulikuwa ndani ya mtandio. Watu wakapigia kura kilemba.

Kabla ya kumpa fomu, alidai barua. Lakini kwao baba mkwe hamtazami mkaza mwana, wala hagusi mkono wake. Basi mzee akakaa upande huu wa pazia, amegeukia ukuta, anavuta kiko chake cha maji. Upande wa pili walikaa Omvati na Bharpai, mke wa mzee, aliyeshika kidau cha wino. Karatasi ikapita chini ya pazia ikiwa haina alama, ikarudi na kidole.

"Umepata ulichotaka, Baba Jaideep," alisema Bharpai.

"Nimepata. Mwambie akapike."

Miaka miwili Omvati aliinua mkono alipoambiwa ainue. Mwaka wa tatu alijifunza kusoma na kutia saini. Wa nne akaleta muswada: kila hati ya shamba iandikwe majina mawili, la mume na la mke. Wabunge walicheka. Kisha wakaacha kucheka, wakaanza kuhesabiana kura.

"Kumbe na ng'ombe aandikwe kwenye hati ya zizi," mzee alisema barazani, na wanaume wakacheka mpaka wakakohoa. Bharpai alikuwa anapita na mzigo wa majani kichwani. Alikuwa akipita na mzigo ule kwa miaka arobaini.

Asubuhi ya safari alimpa mumewe kilemba.

"Lazima uende?"

"Nisipokwenda, kesho nawe utaniuliza nusu ya shamba langu."

"Mimi nimewahi kukuuliza nini?"

Mzee akafunga kilemba, akatia barua mfukoni.

Sasa barua ilikuwa mezani kwa Spika, ofisini kwake, na kengele ya kura ilikuwa imeanza kulia. Ikinyamaza, milango ya ukumbi hufungwa. Spika akiikubali barua kabla ya hapo, Omvati si mbunge tena.

Omvati aliingia. Alipomwona baba mkwe, akavuta mtandio ukamfunika uso. Mzee akatabasamu. Adabu bado ipo, basi na kamba ipo.

"Mheshimiwa," Spika alimwambia, "hii barua ni yako?"

"Baba yangu ni mtu mzima, siwezi kumwita mwongo." Sauti ilitoka chini ya kitambaa, taratibu. "Lakini leteni wino. Nitatia kidole tena, mlinganishe wenyewe."

"Anapoteza muda," mzee alisema. "Mwulize kama hakutia kidole nyumbani kwangu. Nilikuwepo."

"Ulimwona akitia?"

"Nitamwonaje? Ni mkaza mwanangu."

Karani alichekea mkononi. Wino ukaletwa. Kengele inalia. Omvati akakandamiza kidole gumba kando ya kile cha zamani, na Spika akainamia karatasi na miwani yake. Mzee naye akainama.

Duara ndani ya duara, laini, nzima. Hakuna mstari. Hakuna kovu.

"Chaudhari," Spika alisema, "umekaa na kidole cha mtu miaka minne. Ni cha nani?"

Mzee akaisogeza karatasi karibu na macho.

"Naomba niende, Mheshimiwa," Omvati alisema. "Mlango unafungwa." Akapita mbele ya baba mkwe na mtandio wake usoni, hakumwonyesha hata kidevu, kisha korido nzima ikasikia anakimbia.

Muswada ulipita kwa kura moja.

Mzee alirudi kwa basi, ameegemea dirisha. Alitaka kumjua aliyemsaliti. Akawapanga kichwani wanawake wote walioingia nyumbani kwake mwaka ule: mfagiaji, mkunga, dada zake Omvati, wajane wa jirani. Akajaribu kukumbuka mikono yao, mmoja mmoja. Hakukumbuka hata mkono mmoja.

Alifika kesho yake adhuhuri. Bharpai aliacha kusukasuka maziwa, akamletea bilauri ya shaba iliyojaa mtindi, akaiweka mbele yake.

"Umepata ulichotaka, Baba Jaideep?"

Mzee aliinua bilauri. Kwenye shaba, pale ilipokuwa imeshikwa na mkono wenye siagi, palibaki alama ya kidole gumba: duara ndani ya duara, na katikati yake mstari wa mshazari.