Palipogoma Kuota

Mbuzi walipakwepa, ndipo Badhatu akapaona mahali penyewe.

Tangu mvua irudi, mlima wote wa Bale ulioungua ulikuwa umechipua. Kila kisiki kilitoa machipukizi mekundu shinani. Hapa tu, mti wa mizinga ya nyuki ulipoangukia na kuungua polepole hadi kuua mizizi ya chini yake, udongo ulikuwa mtupu, urefu wa mtu aliyelala.

Alipiga magoti, akachimbua jivu kwa vidole. Kilichotoka ni bizimu ya mkanda wa mumewe, ambaye hakuonekana tena tangu mlima uungue. Jino la bizimu lilikuwa limepinda, kama siku zote.

“Unachimba dawa ya kumrudisha mume?” mama mkwe aliita kutoka njiani. “Mwanangu yuko zake mjini Goba, kapata mke anayejua kucheka.”

Kila jioni bibi huyo bado humtengea mwanawe uji wa shayiri, na kuufunika usipoe.

Badhatu alifumba kiganja mpaka lile jino likamchoma.

“Kweli, mama,” akajibu. “Nilimchosha. Uji wake wa leo nitautenga mimi.”