Ijumaa ya Posa

Mbuzi alifunuliwa midomo, akakaguliwa meno, akatembezwa mbele ya wanunuzi. Taghreed alimwonea huruma sana. Na yeye leo alikuwa mnadani.

Hakuna aliyemwambia wazi. Lakini juzi, akipita mlangoni pa chumba cha Bibi, alimsikia akisema kwenye simu: "Posa ile wanataka jibu. Ijumaa tunakwenda kuonana nao Nizwa." Na nyumbani kwao Ibra, msichana wa kuposwa alikuwa mmoja tu.

Basi alfajiri alimpakia Bibi Ghaniya garini wakaja. Sokoni walipokewa na Babu Hashil, aliyekulia mtaa mmoja na Bibi huko Unguja, na mjukuu wake Laith, mrefu, mcheshi, kanzu imenyooka.

"Shikamoo, Babu."

"Marahaba, binti yangu. Karibu Nizwa, leo mtaiona yote!"

Taghreed alikuwa ameshaamua kukataa. Bibi ndiye aliyemlea tangu mama yake afariki. Akiolewa huku, nani atamtia Bibi dawa ya macho? Nani atagombana naye kuhusu chumvi? Hata kulifikiria jambo hilo kulimtia uchungu.

Tatizo ni kwamba Laith hakuwa na ubaya wowote. Aliwapitisha kwa wauza majambia, kwa wafinyanzi, kwa muuza halua aliyewaonjesha mpaka wakaona haya. Babu Hashil alimchagulia Bibi kipande chenye zafarani nyingi. Wazee wakabaki nyuma, wakicheka mambo yao ya zamani.

"Bibi, hivyo viatu vipya vitakuumiza," Taghreed alimwambia walipofika ngomeni.

"Havinibani hata kidogo. Yallah, tupande!"

Bibi huyo huyo ambaye nyumbani ngazi tatu tu humfanya amlilie Mola wake.

Ndani ya ngome Laith alionyesha matundu juu ya milango. "Hapa adui alikuwa anamwagiwa asali ya tende, ya moto inachemka."

"Adui tu?"

"Na wanaochelewa kutoa jibu."

Taghreed alicheka, kisha akajikasirikia kwa kucheka.

"Kwetu kuna chumba cha chini, hakina ngazi," Laith aliendelea. "Babu anataka kukipaka rangi. Bibi yako anapenda rangi gani?"

Kumbe wamefikiria hata Bibi akija kutembea! Taghreed alihisi moyo unalainika, akaukaza haraka.

Juu ya mnara upepo ulikuwa mzuri. Mitende ilijaa bondeni, na milima ilikaa nyuma yake, mikavu na mikubwa. Watalii walipigana picha. Babu Hashil, mkoba wa Bibi begani, alisimama pembeni akijifanya anatazama kuba la msikiti.

"Taghreed, mama, njoo," Bibi aliita. "Nina neno nataka kukwambia."

Taghreed aliona akisubiri atashindwa.

"Bibi, mimi najua, nimesikia kwenye simu. Na jibu ni hapana! Laith hana kosa, wallahi, mtu mzuri. Lakini mimi sikuachi peke yako, si kwa Laith, si kwa mtu yeyote!"

Laith alipaliwa na halua. Babu Hashil akalisahau kuba, akageuka.

Bibi alimshika mjukuu wake mashavu kwa mikono miwili.

"Laith? Nani kamtaja Laith, habibti? Babu Hashil kaniposa mimi, na mwaka mzima namwambia angoje, maana sina wa kumwachia mtoto wangu."