Unyevu Sandukuni

Waya zote nne zilikuwa zimechomolewa, na bado mshale ulisema kuna maji.

Abdulkadir alisonya. Mashine ya kutafuta maji ya ardhini, isiyogusa ardhi, haina haki ya kusema lolote. Sanduku lake lilikuwa limeingia unyevu, pengine tangu ghala la Mombasa, na sasa lilimdanganya hapa Kyuso, mwaka wa hamsini na tano, mvua haijaonekana miezi minane.

Alikwisha kuchimbisha visima viwili vikavu. Cha tatu kikitoka kikavu, bwana mkubwa alimwambia, arudi Kitui mjini akauze kanga dukani kwa mjomba wake. Abdulkadir alizichukia kanga kwa moyo wote.

Basi akalifungua sanduku. Alipangusa mahali pa kuchomekea waya, akaliweka kando ya jiko la makaa siku nzima, kisha akaziba nyufa kwa nta aliyopewa na mwenyeji wake, Mzee Ndululu. Jioni, waya zikiwa nje, mshale ulilala kwenye sifuri.

Asubuhi alikwenda kwenye vigingi vyake vinne vya chuma, vilivyopigiliwa ardhini kukatiza uwanja wa mzee, uwanja uliofagiliwa ukapendeza. Akachomeka waya. Mshale ukaruka: maji!

Akachomoa: sifuri. Akachomeka: maji. Alirudia asubuhi tatu. Akapima bondeni na mashambani, kote pakavu. Hapa tu.

"Mashine ni nzima, mzee," alisema kwa furaha. "Maji ni ya ardhi yako."

"Asante Mungu," Ndululu alisema. "Hawa mama wamechoka. Mtoni ni mwendo wa saa mbili, na kurudi na mzigo."

Barua ikaenda, jibu likaja: lori la kuchimba litafika Jumatano.

Jumatano hiyo Abdulkadir aliswali alfajiri, na badala ya kurudi kulala kama kawaida yake, akatoka kulisubiri lori. Muthoki, mke wa Ndululu, alikuwa uwanjani na jirani zake, vibuyu mikononi, wakimwaga maji kutoka kigingi hadi kigingi.

"Mama, mnafanya nini?"

"Tunalaza vumbi ndio tufagie, fundi. Mgeni atakanyaga vumbi namna gani? Tangu ukuje hatujakosa hata siku moja." Muthoki akakung'uta kibuyu mpaka tone la mwisho. "Jana tumeenda mtoni mara mbili. Hawa wa lori ni wengi."