Uko Karibu Nasi

Shamte alipoondoka alimwachia mama yake, Bi Mwanaharusi, simu yake ya zamani, ila akaunti yake, ile ile anayoitumia kwenye simu mpya, hakuitoa ndani. Tangu hapo matangazo ya maduka yaliyo jirani na Shamte, popote alipo, yakawa yanaingia kwa mama. Mwenyewe hapigi.

"Mwanangu yuko kwenye baridi," aliwahi kumwambia jirani yake, Bi Tatu, baada ya tangazo la makoti mazito. "Lakini duka la makoti liko karibu naye, alhamdulillahi."

Asubuhi hii walikuwa wakipepeta mchele, simu ikatetema mkekani. Bi Tatu ndiye aliyesoma: "Uko karibu nasi! Pita kwa Mafudhi, mikate ya mofa imetoka motoni sasa hivi."

Wakatazamana. Kwa Mafudhi ni pale mwisho wa mtaa wao.

"Shoga," Bi Tatu alisema taratibu, "isije ikawa simu imeanza kufuata hapa ulipo wewe."

"Huenda."

Bi Mwanaharusi aliweka ungo chini. Aliingia chumbani kwa Shamte, akatandika shuka jipya, akafukiza udi mpaka moshi ukafika ukumbini. Kisha akarudi mkekani, akaketi akiuelekea mlango. Bi Tatu akaendelea kupepeta peke yake.

Upepo ukalisukuma pazia la mlangoni, kidogo tu.

"Karibu!" akaitika mama, na hodi haijapigwa.